Vazi la Thelathini na Moja

Septemba 8

Mvua ya kwanza ya msimu. Imepiga mabati ya atelie yangu ya kushonea hadi nikazima redio, maana haikusikika tena. Mteja hata mmoja hakuja. Basi nimegeuza daftari langu la vipimo nikaanza kuandika kutoka nyuma. Mbele kuna mabega na viuno vya nusu ya mtaa wetu wa Kyeshero. Huku nyuma nitaandika yangu mimi, Emerance, fundi wa kushona, miaka arobaini na mmoja, mwenye mdomo usio na breki hata pasipo mtu wa kuusikiliza.

Septemba 9

Mvua. Sketi mbili.

Septemba 12

Amekuja Masera Julie, mtawa anayefundisha kwenye shule ya masista, kuagiza sare za wanafunzi. Agizo lilichukua dakika kumi, lakini yeye alikaa saa mbili. Ni Mnande wa Butembo, mfupi, anavaa raba za kukimbilia chini ya kanzu yake ya kijivu, na anauliza maswali kama mtu wa sensa. Hii inaitwaje? Na ukiikunja hapa inaitwaje? Nikamwambia pindo, nikamwambia mshono, nikamwambia kola. Alikuwa anaandika yote. Mwishowe nikamuuliza kama anataka kuninyang'anya kazi.

Akasema hapana, anafuata neno moja tu. Ni neno la nguo, la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Aliishi India miaka saba alipokuwa anasoma, na sasa anaandika kitabu kidogo juu ya neno hilo moja. Nikadhani jua la huko lilimpiga kichwani. Nimemwambia arudi Ijumaa ijayo, nikiomba moyoni asahau.

Septemba 14, Jumapili

Baada ya misa amekuja Dancille, dada mkubwa wa mume wangu. Watu wote humwita Mama Achille, na wote humwogopa kidogo. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mwavuli unadondosha maji juu ya vitambaa vyangu, akaniambia alilolijia.

“Mama Charline, miaka tatu inatosha. Tutoshe matanga ya Théogène, batu bapumuzike.”

Nikavuta vitambaa vyangu kutoka chini ya mwavuli wake.

Niandike hapa, ili iwe imeandikwa mahali. Théogène alipanda Kibumba mwezi wa kumi, miaka mitatu iliyopita, kuvuna viazi vyetu. Alisema siku nne. Siku ya tatu vita vikafika kwenye yale mashamba na Kibumba nzima ikashuka Goma kwa miguu, na magodoro kichwani. Nilisimama kando ya barabara nikiwatazama usoni mmoja mmoja mpaka barabara ikawa tupu. Hakuna aliyemwona amekufa. Hakuna aliyemwona hai. Kwa miaka mitatu mimi si mke wala si mjane. Nikijaza karatasi yoyote, hapo penye pengo la hali ya ndoa kalamu yangu inasimama.

Sasa Dancille anataka tumalize matanga yasiyo na maiti. Tarehe sita Desemba. Ukoo mzima uvae kitambaa kimoja, kama desturi, na mshonaji awe mimi, kwa sababu ukoo wenye fundi wake hauwezi kupeleka kitambaa cha matanga kwa fundi wa nje. Itakuwa aibu. Kwa maneno mengine, nimkatie mume wangu kifo kwa mkasi wangu mwenyewe. Nimemjibu nitafikiri. Akasema nifikiri haraka.

Ninamchukia mwanamke huyu. Hajamlilia kaka yake hata mara moja mbele yangu. Nimeandika na sitafuta.

Septemba 19

Masera hakusahau.

Nilikuwa na hasira za tangu Jumapili, nikamwambia haya, tuambie hilo neno lako. Akavua miwani, akaifuta, akalitamka taratibu: *vastra*. Nguo. Nikacheka. Nikamwambia Masera, hilo ni letu, ni vaa, ni vazi, Wahindi wametuibia. Hakucheka. Akasema hivyo ndivyo kila mtu husema siku ya kwanza, na ni kosa. Vazi na vastra yanafanana kama watu wawili wanavyofanana sokoni Virunga, ukamshika mmoja bega ukidhani ni jirani yako. Hawana babu mmoja.

Kisha akalifungua hilo neno mbele yangu kama mimi ninavyofumua mshono. Mwanzo wake ni *vas*, kuvaa. Mwisho wake ni *tra*, na huo mwisho ni alama ya chombo, kitu ambacho kazi inafanyika nacho. Akauliza, mtu anafagia kwa nini? Kwa ufagio. Basi vastra ni hivyo: ni chombo cha kuvalia. Kuongoza kwao ni *ni*, na kile kinachomwongoza mtu ni *netra*, yaani jicho. Kunywa ni *pa*, na *patra* ni kikombe. Kufikiri ni *man*, na chombo cha kufikiria ni *mantra*, yale maneno ya sala wanayoyarudia.

Jicho ni chombo cha kukuongoza. Niliweka mkasi chini. Nimeshona miaka ishirini na mbili na sijawahi kudhani kwamba mtu anaweza kukaa akashona maneno kwa ufundi kiasi hicho, kipande na kipande, na mshono usionekane.

Septemba 23

Umeme hakuna. Nimepiga pasi ya makaa. Najikuta nasema vastra peke yangu.

Oktoba 3

Leo Masera ameniambia jambo lililonitoa machozi, na sijui hata kwa nini.

Alinyoosha kidole kwenye koti la bwana harusi lililokuwa ukutani, akauliza linaitwaje. Nikasema veste, kila mtu Goma anasema veste. Akasema sawa, hilo ni neno la Kifaransa, nalo limetoka kwenye Kilatini, *vestis*, nguo. Na hilo *vestis* na *vastra* ni ndugu wa damu. Zamani za zamani, kabla ya Kilatini na kabla ya Kisanskriti, palikuwa na watu wenye neno moja la kuvaa. Wakatawanyika. Wengine walielekea huku, wengine kule, kila kundi likaenda na neno lake. Jina la watu hao hatulijui, makaburi yao hakuna mwenye uhakika nayo, nguo zao zilioza zote. Lakini neno limefika. Limepita kwa Wahindi, limepita kwa Warumi, limepita kwa Wazungu wa juzi, na leo liko ukutani kwangu Kyeshero kwenye koti la bwana harusi wa Himbi anayetaka kiuno kibanwe.

Nikauliza, lilifikaje India, liliandikwa? Akasema kwa mamia ya miaka halikuandikwa popote. Liko kwenye nyimbo zao za ibada, na nyimbo hizo baba aliziimba, mtoto akazirudia, kosa likasahihishwa papo hapo, kizazi baada ya kizazi, zaidi ya miaka elfu tatu, mpaka sauti ilipopanda ilibaki imepanda na iliposhuka imeshuka. Midomo tu. Watu wanaokufa wakipokezana kitu kisichokufa.

Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kumwona mtawa huyu msumbufu.

Oktoba 10

Dancille ameleta kitambaa. Marobota mazito, kijivu chenye majani madogo meupe, kwa watu thelathini. Wanawake libaya, yaani blauzi, na kikwembe cha kujifunga, wanaume mashati. Hakuuliza kama nimeshafikiri. Aliyaweka juu ya meza ya kukatia, akajikung'uta vumbi mikononi, akaenda. Nimeyahamishia chini ya meza, kwa mguu.

Oktoba 11

Mvua. Marobota bado yako chini ya meza.

Oktoba 17

Somo la Ijumaa. Sasa hata Charline, binti yangu, akitoka shule hukaa na kusikiliza, anajifanya anafanya hesabu.

Vastra si jike wala dume, ni neno la upande wa tatu, la vitu. Nguo moja ni *vastram*. Nguo nyingi ni *vastrani*. Na katikati, kati ya moja na nyingi, kuna umbo la mbili tu: *vastre*. Nikauliza kwa nini mtu ahitaji neno zima kwa ajili ya vitu viwili. Masera akasema hata macho ni mawili, mikono ni miwili, na Wahindi wa kale walivaa nguo mbili, moja ya chini na moja ya juu. Nikacheka sana. Hapa kwetu mama mwenye nyumba yake akienda kwa watu anafunga vikwembe viwili, kimoja juu ya kingine. Tungewaelewa kabisa watu hao.

Kisha lile lililonikaa. Lugha hiyo inatenga kazi ambayo mtu anajifanyia mwenyewe na kazi anayomfanyia mwingine. Kuvaa ni kazi ya kujifanyia: *vaste*, amevaa. Lakini ukimvalisha mwenzako umbo linabadilika, *vasayati*, amemvika. Charline akasema hata sisi tunayo, vaa na vika. Masera akamtazama kwa furaha kama aliyepewa zawadi. Akatuambia kwamba watu wote duniani, hata wasio ndugu, walifika mahali wakahitaji neno la kumvika mtu asiyeweza kujivika. Mtoto mchanga. Mgonjwa. Maiti.

Alipotamka hilo la mwisho nilitazama chini ya meza. Hakujua. Nikamwambia yote.

Oktoba 24

Leo ni ile tarehe aliyopanda. Sikushona. Nilifungua daftari hili kutoka mbele, ukurasa wa familia, nikasoma namba zake. Mabega 46. Shingo 41. Mkono wa kulia 61, wa kushoto 59. Alipokuwa na miaka tisa alianguka na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye mteremko wa Kibumba, na mkono ukaunga vibaya. Mashati yote niliyomshonea yana mkono mmoja mfupi. Ukinunua la dukani, mkono wa kushoto unamfunika vidole.

Novemba 2

Misa ya marehemu wote. Padri alisoma majina. Dancille alikuwa amempa la Théogène bila kuniuliza. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mvua mpaka majina yakaisha.

Novemba 3

Mafua.

Novemba 7

Masera amekuja, hatukusoma. Nilimuuliza yeye angefanya nini. Akasema yeye ni mtu wa maneno, na kwa hili hana hata moja. Nilimshukuru kwa hilo. Wengine wote walikuwa nayo mengi.

Novemba 15

Barabara ya Kibumba inapitika siku hizi, na watu wengi wamerudi kwenye mashamba. Nilipanda na gari la wauza kabichi. Nyumba yetu ni mawe ya msingi tu. Shamba, mtu amepanda maharage, mama mmoja mwenye watoto wanne, akaniambia alilikuta tupu. Nilimuuliza kama alikuta kitu chochote. Akafikiri kwa unyofu kabisa. Akasema alikuta viazi ambavyo havikuvunwa, vimejiotea vyenyewe.

Kwa hiyo hakuvuna. Hata siku ya kwanza ya kuvuna hakuifikia.

Nimerudi. Nitakata kitambaa.

Novemba 18 hadi 20

Nimekata siku tatu mfululizo. Mvua inaanza saa nane kila siku, nami nakata kuanzia asubuhi ili nisiwahiwe na giza la mawingu. Kwa kazi kubwa namna hii fundi hasomi majina. Anasoma namba. Jicho linachukua 44, chaki inachora 44, mkasi unafuata, mstari unaofuata. Ukianza kusoma majina unaanza kuwafikiria watu, na mkasi unapotea njia. Nilishukuru sana kwa namba. Siku tatu sikumfikiria mtu yeyote.

Novemba 26

Mikono inauma. Vifungo bado.

Novemba 27

Ee Mungu wangu.

Nimemaliza vifungo leo asubuhi nikahesabu. Thelathini na moja. Nikahesabu tena. Wanawake kumi na wanane, sawa. Mashati yanapaswa kuwa kumi na mawili, ni kumi na matatu. Nikaanza kuyatandika moja moja na ukurasa wa familia pembeni, na nilipofika la nne sikuhitaji kuendelea. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi.

Nimeufuata mstari wake daftarini kama nilivyofuata mistari mingine yote. Sikuwahi kuifuta ile namba, kwa hiyo mkono wangu uliifuata. Nimemshonea mume wangu nguo ya matanga yake mwenyewe. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Nguo ya matanga ni ya wanaobaki. Hakuna fundi Goma, wala Masisi, wala Rutshuru, aliyewahi kumshonea anayeombolezwa. Watu watasema nimemwita, au nimemmaliza, au nimerogwa.

Masera aliingia akanikuta nimekaa sakafuni na shati mapajani. Nilimwonyesha mikono miwili ya shati. Alielewa, maana nilishamsimulia habari za chukudu. Alikaa chini karibu yangu, kanzu na raba zake kwenye vipande vya kitambaa, na tukasikiliza mabati.

Nilitaka kulifumua. Nilichukua wembe. Sikuweza, na nguo zinachukuliwa kesho.

Novemba 28

Nimeliweka katikati ya mengine, nikitumaini Dancille akija kuchukua nguo hatahesabu. Nilisahau yeye ni nani. Alihesabu kwa kidole, moja moja, na midomo yake ikitembea.

“Hii moja njo ya nani?”

Alilivuta, akalikung'uta, akalishika mabegani kama tunavyopima nguo kwa macho. Kisha mikono ikaning'inia, mmoja chini, mmoja juu kidogo, na nikaona uso wake. Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa na majibu, nilikuwa hata na matusi.

Alikaa juu ya robota lililobaki. Akaushika mkono wa kushoto wa shati, ule mfupi, akaukunja na kuukunjua pale kwenye kiwiko.

“Miye njo nilimupatia ile chukudu,” akasema. “Mama alimukataza. Miye nikamwambia panda tu, nitakushika.”

Akalia. Sijui niandikeje. Mwanamke yule mkubwa alilia kwa sauti ya mtoto, shati limeziba mdomo, na maneno yalikuwa yanatoka moja moja, mengine Kinyarwanda, mengine Kiswahili. Nilisikia moja, akalirudia mpaka nikalielewa: hatukumuvalisha. Mama yao walimvalisha. Baba yao walimvalisha, yeye Dancille ndiye aliyemfunga kamba za viatu. Théogène hakuna aliyemvalisha. Miaka mitatu alikuwa anaona ndotoni kaka yake yuko shambani Kibumba, kwenye baridi ile, bila nguo, anamuuliza mbona wewe umevaa. Ndiyo maana alitaka matanga, na tarehe, na kitambaa kimoja. Alidhani ukoo mzima ukivaa, naye atakuwa amevaa.

Nami nilidhani hana moyo. Nimeandika kule nyuma kwamba ninamchukia na kwamba sitafuta. Sifuti. Ibaki, ili nikumbuke nilivyokuwa mjinga.

Nilikaa karibu naye nikamshika. Akaniuliza, kwa aibu, kama tunaweza kulipeleka kanisani.

Desemba 1

Nimeshona upya kifungo kimoja cha shati lile, kilikuwa kinalegea. Charline aliniuliza kama baba amekufa. Nikamwambia sijui, mwanangu, na kwamba huenda sitajua. Akaomba kulipiga pasi yeye. Alipiga vizuri, hata chini ya kola.

Desemba 5

Masera amemaliza kitabu chake. Alinisomea ukurasa wa mwisho, mgumu, sikuelewa hata nusu. Kisha akakiri kwamba baada ya miaka kumi ya kulifuata neno moja bado nywele zinamsimama akilitamka. Nami pia. Ninapofikiri kwamba mama fulani asiye na jina, upande mwingine wa dunia, kabla ya mawe haya meusi ya volkano ya Goma kuwa moto, alishika kipande cha kitambaa, akamtazama mtu wake na kutamka neno lile lile, ninataka kupiga magoti.

Desemba 6

Mvua ilikatika alfajiri. Tulikuwa thelathini, kijivu na majani meupe, na watu njiani walisimama kutupisha. Shati tulilitandaza juu ya meza ndogo mbele ya altare, wazi, mikono imenyooshwa. Hapakuwa na picha, hapakuwa na sanduku. Nilisikia minong'ono nyuma yetu, na shangazi mmoja akafanya ishara ya msalaba mara tatu.

Misa ilipoisha Dancille alisimama. Sauti yake ilikuwa ile ile inayowatisha watu.

“Tulikosa kumuvalisha. Leo tunamuvalisha. Kila nyumba itume mutu, afunge kifungo moja.”

Wakaja. Mjomba wa Théogène alifunga cha chini kabisa. Achille, mwana wa Dancille, akafunga cha pili. Kisha ndugu wa Masisi, kisha wa Rutshuru. Kila aliyemaliza alipitisha kiganja kifuani pa shati, ingawa hakuna aliyemwagiza. Charline alifunga cha tano, akakosea, akarudia. Dancille alifunga cha sita, halafu akavuta mkono wa kushoto, akaunyoosha, akaushika kwa muda mrefu. Nilimwona Masera Julie kwenye benchi la nyuma, midomo yake inatembea. Sikujua kama ni sala au ni lile neno, na nilipokuwa pale sikuona tofauti.

Kilibaki cha shingoni, nacho kilikuwa changu.

Nilienda. Niliweka vidole kwenye kola, 41, namba ninayoijua bila daftari. Sijui kama mume wangu amekufa. Sasa amevaa, na sisi ndio tuliomvika. Nilishika kifungo, nikakileta kwenye tundu lake, mkono wangu ukasimama.

Tangu nimfahamu hakuwahi kukifunga hicho. Alisema kinamkaba.

Nikakiacha wazi, nikamnyooshea kola.